Kwako lafunguka, darasani lagoma: kutibu somo la uhuishaji

Simu yangu hulia saa mbili kasorobo asubuhi, wanafunzi wakitoka gwarideni. "Kaka, ile kazi yetu haifunguki." Na jana yake jioni, mezani kwangu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, tuliifungua mara kumi na mara zote kumi ikakubali.

Kazi yenyewe ni somo la ubunifu nililounda na mwalimu mmoja wa sanaa. Skrini inaonyesha leso nzima. Mwanafunzi akibofya pindo, ule ukingo wa leso, linajibandua na kubaki peke yake. Akibofya mji, ile sehemu ya kati, unasogea mbele pamoja na mistari inayoonyesha jinsi upande wa kushoto unavyojirudia kulia. Akibofya jina, ule msemo wa leso, maandishi yanakua na kujaza skrini. Kuna ukurasa wa kisutu, ile leso ya harusi, na kuna ukurasa wa Fort Jesus ambapo umbo la mtu linalazwa juu ya ramani ya ngome, maana Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyeichora ikajengwa kati ya 1593 na 1596, alifuata wazo la zama zake kwamba vipimo bora vimo katika mwili wa binadamu. Mwishoni kuna maswali matano yenye alama.

Tumeliunda kwa Adobe Animate, programu ya kuhuisha michoro, aina ya HTML5 Canvas, yaani kazi inayofunguliwa na kivinjari cha kawaida. Yaliyomo humu yanahusu njia hiyo. Anayetumia PowerPoint aruke hadi sehemu ya sauti na ya projekta, huko tuko jahazi moja.

Mwalimu akinipigia, siulizi amebofya nini. Nauliza: umeifungua kutoka wapi? Kwenye flashi, kwenye WhatsApp, ndani ya zipu, au kwenye folda ya kompyuta? Nusu ya matatizo huishia kwenye jibu hilo, kabla hatujagusa msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha kazi.

Ukurasa ni mweupe, hakuna kitu

Hili ndilo linaloongoza, na lina vyanzo kadhaa vinavyofanana kwa sura.

Cha kwanza ni mtandao. Kazi ya Animate haisimami kwa miguu yake. Inaegemea maktaba ya msimbo iitwayo CreateJS, na usipogusa kitu, faili yako itaagizia maktaba hiyo kutoka intaneti kila inapofunguliwa. Nyumbani kwenye Wi-Fi huoni lolote, inashuka kufumba na kufumbua. Darasani hakuna mtandao: faili inafunguka, inatafuta maktaba, inakosa, inakuachia karatasi tupu. Halafu jioni unairudisha nyumbani, inafanya kazi, nawe unaapa kwamba kompyuta ya shule ina jini.

Tiba: fungua "Publish Settings", nenda sehemu ya HTML/JS, ondoa alama kwenye "Hosted Libraries", kisha chapisha upya. Utaona folda mpya iitwayo libs imejitokeza kando ya faili yako. Maktaba sasa imo humo, unatembea nayo.

Kujaribu kwake kuna mtego. Ukizima Wi-Fi na kufungua, kivinjari kinaweza kukuonyesha maktaba kiliyoihifadhi tangu jana, ukadhani umepona. Zima mtandao, kisha fungua kazi kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Ikikubali hapo, hata chini ya mwembe itakubali.

Cha pili ni faili kutengwa na wenzake. Animate ikichapisha, hutoa faili ya html, faili ya js, folda ya picha na folda ya sauti kama zipo. Faili ya html ni bahasha tu, barua imo kwenye ile js. Mwalimu wangu alijitumia bahasha kwa WhatsApp, akaiona kwenye simu ina alama ya kivinjari, akaridhika. Asubuhi akaipakua shuleni: nyeupe pe. Tuma folda nzima, au ibane iwe zipu moja.

Na zipu nayo ina ugonjwa wake. Ukiibofya mara mbili kwenye Windows, inakuonyesha yaliyomo kana kwamba ni folda ya kawaida. Ukibofya ile html ukiwa humo ndani, Windows hutoa faili hiyo moja peke yake, kuiweka mahali pa muda, na kuwaacha wenzake ndani. Dalili yake utaiona juu kwenye anwani ya kivinjari: njia ndefu yenye neno Temp. Rudi nyuma, bofya zipu kitufe cha kulia, chagua "Extract All", kisha fungua html kwenye folda iliyotoka.

Jingine: usibadilishe majina baada ya kuchapisha. Mtu anaona folda ya images, anaipa jina la Picha ili ipendeze. Msimbo bado unaulizia images, na hautauliza mara mbili.

Ikiwa ulichonacho ni faili ya swf, yaani masomo ya zamani ya Flash yaliyokuja kwenye CD, kivinjari hakina kosa. Adobe iliacha kuihudumia Flash Player, programu ya kuyafungua, tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 programu yenyewe ikaanza kukataa kuonyesha kazi hizo. Ukiwa na faili asili ya fla, ifungue kwenye Animate uigeuze kuwa HTML5 Canvas. Michoro itakuja, lakini msimbo wa zamani utageuzwa maelezo yasiyofanya kazi, nawe utauandika upya. Ukiwa na swf peke yake, jaribu Ruffle, programu ya bure inayoiga kazi ya Flash. Nyingi hufunguka, si zote.

Somo linajiendesha lenyewe

Leso inaonekana, pindo linaruka, mji unaruka, maswali yanapita, leso tena. Hujabofya chochote. Chanzo: taimulaini, ule mstari wa fremu zinazofuatana, hutembea na kujirudia mpaka uiambie isimame. Kwenye fremu ya kwanza, katika tabaka la peke yake ambalo mimi huliita msimbo, andika:

this.stop();

Watu huondoa alama ya "Loop Timeline" badala yake. Hiyo huizuia kurudi mwanzo, lakini mbio za kwanza zitakuwa zimeshapigwa.

Kama taimulaini kuu imetulia na bado kuna kitu kinachochezacheza, basi kitu hicho kina taimulaini yake ya ndani. Kibofye mara mbili, ingia, umwekee naye this.stop() yake. Mzazi kunyamaza hakumnyamazishi mtoto.

Unabofya, hakisikii

Bonyeza F12, fungua sehemu ya konsoli, ambako kivinjari huandika makosa, kisha bofya kitufe kilichogoma. Maandishi mekundu yakitokea, yasome hata kama hupendi kusoma. Yakisema kitu ni "undefined", karibu kila mara ni suala la jina.

Alama ya kitufe ina majina mawili. Lipo jina la maktabani, hilo ulilolipa ulipoiunda. Na lipo jina la kitufe kikiwa jukwaani, yaani kwenye eneo linaloonekana la kazi, linaloandikwa kwenye paneli ya sifa baada ya kukichagua. Msimbo unalijua hilo la pili tu. Nimeona mwalimu akihangaika saa nzima na kitufe kilichoandikwa vizuri maktabani, na kule jukwaani sehemu ya jina iko tupu. Pia herufi kubwa na ndogo ni tofauti: btnPindo si btnpindo.

Jina likiwa sawa na bado kimya, tazama kama umefunga msimbo wako na taimulaini:

this.btnPindo.addEventListener("click", onyeshaPindo.bind(this));
function onyeshaPindo() {
  this.gotoAndStop("pindo");
}

Ile .bind(this) ndiyo watu huisahau. Bila hiyo, kazi ikiitwa na kitufe haijui tena neno "this" lamaanisha nani, inatafuta gotoAndStop mahali pasipo, inaanguka.

Halafu kuna kitufe kinachosikia lakini kinakupeleka pengine. Unabofya pindo, unaletewa mji. Taimulaini ya Animate inahesabu fremu kuanzia 1, lakini msimbo wa Canvas unahesabu kuanzia 0. Ukiandika this.gotoAndStop(5), utatua kwenye fremu ya sita. Unaweza kutoa moja kila unapoandika, na siku utakapoongeza fremu katikati ujute. Heri uzipe fremu majina, "pindo", "mji", "jina", uite kwa jina kama nilivyofanya hapo juu.

Alama za maswali zinapanda zenyewe

Hili lilinichosha zaidi ya yote. Mwanafunzi anajibu sawa, anapata 1. Anarudi kwenye leso, anajaribu tena, jibu moja linampa 2. Mara ya tatu, 3. Darasa zima likagundua kabla yangu. Vijana wakawa wanaenda na kurudi makusudi mpaka mmoja akafikisha alama 40 kwenye maswali matano.

Msimbo ulioko kwenye fremu husomwa kila taimulaini inapoingia fremu hiyo. Kila ukirudi, kitufe kinafungiwa msikilizaji mwingine, yaani agizo linalosubiri mbofyo, juu ya yule wa kwanza. Ziara tatu, wasikilizaji watatu, na mbofyo mmoja unawaamsha wote. Dawa ni kuweka mlinzi mlangoni:

if (!this.imefungwa) {
  this.imefungwa = true;
  this.alama = 0;
  this.btnJibu.addEventListener("click", ongezaAlama.bind(this));
}

Mara ya kwanza mlinzi anaruhusu, anaandika kwamba ameshafunga. Mara ya pili anakataa. Angalia nimeiweka alama = 0 ndani ya mabano hayohayo. Ikikaa nje, utakuwa na ugonjwa wa kinyume: alama zinafutika kila mwanafunzi akirudi nyuma.

Vitufe vya michoro vinakubali, vya picha vinakataa

Kwenye ukurasa wa Biashara Street, mtaa wa maduka ya leso hapa Mombasa, tulitumia picha halisi za leso, moja ikiwa na ile chapa ya K.H.E., Mali ya Abdulla, ambayo mama zetu wanaitambua kutoka ng'ambo ya barabara. Picha zilikuwa vitufe. Kwangu zilibofyeka, darasani zikawa mawe, na konsoli ikalalamika juu ya usalama.

Ukijaribu kazi kwa Ctrl na Enter, Animate huifungua kupitia seva ndogo iliyomo kwenye kompyuta yako. Tazama anwani, utaona 127.0.0.1. Darasani umeifungua moja kwa moja kutoka kwenye flashi, na huko kivinjari hakiruhusu msimbo kuchungulia nukta za picha. Sasa, ili kujua kama umebofya picha au umebofya kando yake, CreateJS inahitaji kuchungulia nukta hizohizo. Inazuiwa, kitufe kinakufa.

Huna haja ya kuweka seva shuleni. Kitufe kina fremu nne, na ya nne, "Hit", ndiyo eneo la kubofywa, haionekani kwa mtazamaji. Chora humo mstatili wa kawaida wenye ukubwa wa picha, na uiondoe picha kwenye fremu hiyo. Kivinjari kitachungulia mstatili wako, ambao hauna kizuizi. Vitufe vikawa hai siku hiyohiyo.

Kama darasa linatumia tableti, kumbuka kidole hakielei. Maelezo uliyoyaficha yatokee kipanya kikipita juu hayatatokea. Yahamishie kwenye mbofyo.

Jina la leso limevunjika

Tuliandika MGENI NJOO MWENYEJI APONE kwa herufi nene zilizobanana, kama zinavyochapwa kwenye leso. Shuleni APONE ikadondoka mstari wa pili, juu ya pindo. Maandishi ya aina ya "Dynamic" hutegemea fonti iliyopo kwenye mashine inayofungua. Isipokuwepo, kivinjari hutwaa nyingine yenye upana wake. Maandishi yasiyobadilika yawe "Static", maana hayo huchapishwa kama mchoro na hayahitaji fonti. "Dynamic" yabaki kwa alama za maswali tu, na uyape fonti ya kawaida kama Arial.

Hakuna sauti

Kwanza, sauti inayoanza yenyewe ukurasa ukifunguka huzuiwa. Chrome ilianza kukaza hilo mwaka 2018, na vivinjari vingine vina masharti kama hayo. Weka ukurasa wa mwanzo wenye kitufe cha ANZA, sauti ifuate mbofyo huo.

Pili, kama projekta ya shule inatumia waya wa VGA, ule wenye skrubu mbili za buluu, jua waya huo haubebi sauti kabisa. Hakuna mpangilio utakaouponya. Beba spika na waya wake.

Inakwenda kwa kwikwi

Picha ya simu yenye nukta 4000 kwa 3000 inaweza kuwa MB 3 kwenye flashi, lakini kivinjari kikiifungua huitandaza yote: nukta milioni 12, kila moja baiti 4, jumla MB 48. Tulikuwa nazo sita. Hiyo ni MB 288 kwa jukwaa lenye upana wa nukta 1280, kwenye kompyuta ya shule iliyokwisha zeeka. Punguza kila picha ifike ukubwa itakaoonekana nao, kabla ya kuiingiza Animate.

Mwenzake ni leso iliyogeuzwa kutoka picha kuwa mchoro kwa amri ya "Trace Bitmap". Inaonekana safi, ila kila ua la mji limejaa maelfu ya vipembe na kivinjari kinavichora vyote upya kila fremu, mara 24 kwa sekunde. Chora ua moja kwa mkono, liweke maktabani, lirudie. Si ndivyo mji wa leso nyingi ulivyo hata hivyo?

Na mwendo uwe "Classic Tween". Ile "Motion Tween" hugeuzwa fremu kwa fremu wakati wa kuchapisha, faili ya js ikavimba.

Ukutani imekatwa, au kisutu kimepauka

Kukatwa ni rahisi. Projekta nyingi za zamani zina uso wa 4 kwa 3, nukta 1024 kwa 768, na kazi yako ni ya 16 kwa 9. Weka alama kwenye "Make Responsive" na "Scale to fill visible area", uchague ijitoshee bila kukata. Ikiwa ukuta ni mtupu kabisa huku laptopu inaonyesha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague kunakili skrini.

Kupauka ndiko kugumu. Kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kwenye skrini ya laptopu kinawaka. Ukutani saa nne asubuhi, jua la Mombasa likiingia kwa madirisha ya pande zote mbili, nyekundu ilikuwa waridi chafu na nyeusi ilikuwa kijivu. Mwalimu alitaka nibadilishe rangi kwenye Animate. Ningebadilisha mpaka Idd na isisaidie, kwa sababu projekta haina mwanga mweusi. Inapotaka kuonyesha nyeusi, inaacha tu kuangaza hapo, na unachokiona ni ukuta wenyewe ulivyo. Ukuta ukipigwa na jua, nyeusi yako ni ukuta mweupe wenye jua.

Kwa hiyo unaanza na chumba: ukuta ulio mbali na madirisha, projekta isogezwe karibu picha ipungue na kukolea, ya futi tano iliyokoza ni bora kuliko ya kumi iliyopauka. Kisha unarudi kwenye kazi. Nyekundu iliyogusana na nyeusi tuliitenga kwa mstari mweupe wa nukta nne, maandishi ya maelezo tukayaweka meusi juu ya nyeupe, na vitufe tukavitofautisha kwa umbo pamoja na rangi.

Madirisha tuliyaziba kwa leso nne za mwalimu mwenyewe, moja kisutu cha harusi yake. Mwanga ukapenya kwenye kile kisutu, na wanafunzi wakageuka wote kukitazama dirishani, pindo, mji na jina, projekta ikiwaka nyuma yao.